Matofali ya Bibi Anastasia

Sista Hosiana hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili akasimamie haki ya mwenzake. Baadhi ya watu pale usharika wa Kilutheri wa Kihonda, Morogoro, walisema hata mara moja hakuhitaji kuombwa, na walipolisema hilo waliangalia kwanza kama yuko karibu. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu wa miaka sitini na miwili, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha wodi nzima, na kustaafu hakukumfundisha kuipunguza. Kamati ya diakonia, ile ya kuwahudumia wahitaji, zamani iligawa sabuni na sukari wakati wa Krismasi kisha ikalala usingizi mwaka mzima. Tangu Hosiana achaguliwe mwenyekiti, kamati ilikuwa na semina za mirathi, ilikuwa na mwanasheria wa kujitolea kila Alhamisi, na iliwahi kumtoa shemeji wa mtu katika nyumba ya marehemu kwa kumwaibisha tu, bila kumwita polisi hata mmoja.

Wajane ndio waliomgusa kuliko wote, na sababu ilijulikana. Mumewe alipofariki huko Machame, mashemeji walisubiri matanga yaishe, wakamwita barazani, wakamweleza kwa upole kabisa kwamba kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalotoka kwa baba kwenda kwa mwana, kinabaki kwao. Hosiana alishuka mlimani na sanduku moja. Miaka ishirini na saba ilikuwa imepita, na bado alikuwa mpangaji Kihonda, vyumba viwili na sebule. Mtu akitamka neno mjane mbele yake, ajue amemwagia mafuta ya taa jiko lililokwisha kuwaka.

Basi mwezi wa kwanza habari zikashuka kutoka Lukwambe, kijiji kilichoko juu Uluguru, ukiiacha barabara ya Matombo na kupanda kwa miguu kama saa moja. Mvua imeangusha nyumba ya bibi mmoja mjane, Anastasia, mwenye miaka sabini na ushei, na sasa bibi analala jikoni pamoja na mbuzi wake wawili. Anastasia alikuwa Mkatoliki. Katika kikao, mzee mmoja wa kanisa alithubutu kuuliza kama wahitaji wetu wenyewe wamekwisha. Hosiana alimtazama tu. Mzee yule akachangia mifuko minne ya saruji.

Jumamosi iliyofuata walipanda, Hosiana mbele, kwaya ya vijana nyuma, na Godlisten, fundi mwashi wa usharika, akihema mwisho kabisa. Walimkuta Bibi Anastasia mbele ya jiko akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Karibuni sana, milima imewatesa."

Wakaimba wimbo. Wakatoa sukari, mchele na blanketi. Hosiana akaomba sala ndefu yenye vifungu vya sheria ndani yake. Na kabla bibi hajapata nafasi ya kuuliza wageni wake wanatumia chai ya rangi au ya maziwa, Godlisten alikwisha kuchomoa kamba na kuanza kupima kiwanja. Bibi aliifuata kamba kwa macho, huku na huku.

Hosiana hakuwa mtu wa kukurupuka, au yeye hakujiona hivyo. Alitaka ruhusa ya mwenye mali. Marehemu mume wa bibi aliacha mtoto mmoja wa kiume, Severin, aliyekuwa akiuza vitunguu na matikiti Dumila pale njia panda, na Hosiana akampigia simu palepale.

"Wewe ndiye mrithi wa baba yako. Unaturuhusu tujenge?"

Kulikuwa na honi za mabasi na kelele za wachuuzi. "Jengeni, mama! Jengeni tu! Mungu awabariki sana!"

Mwenyekiti wa kijiji naye akagonga muhuri wake. Kwa akili ya mtu wa Machame, hapo mambo yote yalikuwa yamekamilika. Baba amekufa, mtoto wa kiume yupo, na mtoto amekubali. Ungemwambia nini zaidi?

Kazi ikaanza. Matofali ya kuchoma elfu mbili yaliletwa na lori mpaka mwisho wa barabara, na kutoka hapo yakapanda mlima juu ya vichwa vya wanakwaya, ambao walijifunza siku hiyo kwamba kuimba na kupanda mlima haviendi pamoja. Msingi ukachimbwa. Mafundi wakahitaji kuni za kuchemshia chai na miti ya jukwaa, na kwenye kona ya uwanja kulikuwa na rundo la miti mizuri, mibichi bado, iliyonyooka.

"Tumieni hiyo," Hosiana alisema. "Imekaa bure."

Jumamosi ya tatu walipofika, walikuta tawi bichi limelazwa juu ya msingi, na wanaume wawili wamekaa juu ya matofali kwa adabu, kofia mkononi. Walisema mndewa, yaani mkuu wa ukoo, ameagiza kazi isimame. Mkuu wa ukoo gani? Wa marehemu. Na ni nani huyo? Ni Athumani, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake.

"Mpwa!" Hosiana alimwambia Godlisten wakiwa njiani kushuka. "Safari hii hata shemeji siyo. Mpwa! Wamefikia wapwa sasa!"

"Labda tungemsikiliza, Sista," alisema Godlisten.

"Nimewasikiliza watu kama hao. Niliwasikiliza barazani kwao, nikiwa nimevaa nguo nyeusi."

Godlisten akatangulia kwenye gari.

Wiki nzima Hosiana hakulala vizuri. Kila asubuhi alitoka nje kutazama mlima, na kila asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka hatua moja zaidi. Masika ilikuwa inakuja, na ikimkuta bibi kwenye lile jiko la makuti, ama litamwangukia, ama kifua kitamwua. Hosiana alikuwa ameona vifua vya wazee vya kutosha, na hofu yake haikuwa ya kubuni. Mwanasheria wa Alhamisi akamwandikia barua kali ya kurasa tatu. Mchungaji Jonathan aliisoma yote, akaikunja, akamrudishia.

"Barua nzuri," alisema. "Bibi mwenyewe anasemaje?"

"Bibi anaogopa, mchungaji. Mjane siku zote anaogopa."

"Umemuuliza?"

Hosiana akajibu kwamba ana kikao, na kweli alikuwa na kikao, ingawa kilikuwa cha saa kumi na hapo ilikuwa saa nne.

Mwisho wa mwezi wa pili alipanda tena, yeye na Godlisten tu. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa uwanjani, baadhi kwenye mabenchi, baadhi kwenye matofali yake. Athumani alikuja akitokea shambani, mtu wa miaka arobaini na kitu, mabuti ya mpira miguuni, fulana imejaa utomvu wa migomba. Mjomba wake alikuwa akienda misa, yeye anakwenda msikitini, na huko juu hakuna aliyeona ajabu, maana ukoo ulikuwepo kabla ya vyote viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Hosiana, na ungedhani marahaba ile imetoka kwenye jokofu. Kisha akasimama, akavaa miwani, akasoma barua kurasa zote tatu, pamoja na tarehe.

Athumani alisikiliza mpaka mwisho. "Umesoma vizuri, mama. Mimi nilidhani umekuja kutuomba, kumbe umekuja kutushitaki. Sasa na mimi niseme. Hapa tulipokaa ni ardhi ya ukoo wetu. Marehemu mjomba aliipata kwa mama yake, ambaye ni bibi yangu mimi. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Severin ni ndugu yangu, nampenda, lakini ni wa ukoo wa mama yake. Hapa hawezi kuruhusu hata choo."

Wazee wakacheka. Hosiana hakucheka.

"Kwa hiyo mjane afukuzwe."

"Nani amesema afukuzwe? Akae mpaka Mungu amwite. Nyumba ya miti na udongo, ya kuishi yeye, haina neno. Tofali la kuchoma ndilo lina neno. Hilo litatuzika sisi sote. Kesho wajukuu zake watasema nyumba ya bibi iko hapa, basi na ardhi ni yetu, na hapo watoto wa dada zangu watalima wapi?"

"Maneno matamu," alisema Hosiana. "Ila mwezi wa pili huu unakwisha, bibi analala na mbuzi. Hiyo miti na udongo viko wapi? Nionyeshe!"

Mzee mmoja akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Athumani akatazama mafiga matatu ambayo mafundi walichemshia chai, na jivu lake.

"Miti tulikata, mama," alisema. "Arobaini na miwili. Tukaipanga pale kwenye kona, tukaweka na tarehe ya kuja kusimamisha. Mkaja nyinyi na kamba. Watu wakaanza kusema, kanisa la mjini linamjengea bibi nyumba ya bati, sisi na udongo wetu tuna kipi cha kuleta? Tukaona aibu, tukakaa pembeni. Siku ya pili nikapita hapa, nikakuta mafundi wako wanaipikia chai."

Godlisten aliinamisha kichwa. Hosiana alibaki amesimama na barua yake mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni mpaka masikioni, kwa sababu alikumbuka alivyokunywa chai ile vikombe viwili na kuisifu. Katika kazi yake aliwahi kumfukuza muuguzi mwanafunzi wodini kwa kosa la kumchoma mgonjwa sindano bila kusoma cheti chake. Alimtukana kijana wa watu mbele ya wagonjwa. Sasa hapa yeye amefanya nini?

Akaikunja barua. Akaenda kwenye mlango wa jiko ambako Bibi Anastasia alikuwa amekaa muda wote huo, akakaa chini kwenye mkeka, magoti yakimlalamikia.

"Bibi, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza siku ile ya kwanza kabisa. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Bibi aliweka ungo chini taratibu, kwa namna ya mtu aliyesubiri zamu yake mpaka akakata tamaa.

"Nilitaka kurudi kwetu," alisema.

Wazee wote waligeuka.

"Nyumba ilipoanguka nikasema, basi, Mungu amesema. Mume wangu amelala, mtoto yuko Dumila, mimi nifungashe nirudi kwetu. Ndipo mkaja."

"Lakini bibi, kwa nini hukusema?"

"Mlikuja na wimbo. Mkaja na sukari. Mmebeba matofali kichwani, watoto wa watu, wengine na viatu vya mjini. Mgeni akikuletea chakula usichokula utamwambia nini? Utamwambia asante."

"Na huko kwenu ni wapi?"

Bibi alinyoosha kidevu ng'ambo ya bonde, ambako kulikuwa na ngazi za mashamba na migomba minene iliyofungamana. "Pale. Ukivuka mto, kupanda kidogo."

"Kwa kaka yako?"

"Kwangu."

"Shamba la... la mumeo?"

"Shamba langu, mwanangu. Alinipa mama. Mama alipewa na mama yake." Bibi alimtazama kwa huruma, kama anayemfafanulia mtoto.

"Na kaka zako hawakukunyang'anya?"

"Wanyang'anye wampe nani? Watoto wao ni wa koo za wake zao."

Hosiana alikuwa amezunguka wilaya nzima akifundisha kwamba mwanamke anaweza kumiliki ardhi. Alifundisha kwa chati na kwa picha. Na huyu bibi asiyejua kusoma alikuwa na ardhi tangu kabla yeye hajaolewa, hakuona hata sababu ya kulitaja, na katika fomu ya kamati alikuwa ameandikwa hana mali. Kilichompanda Hosiana kifuani hakikuwa furaha peke yake. Kulikuwa na wivu ndani yake, na hasira ya miaka ishirini na saba, na vikamtoka vyote pamoja. Alilia mbele ya wanaume wa watu, akiwa na miwani machoni, akawaeleza habari ya kihamba na sanduku moja. Athumani, aliyejiandaa kwa ugomvi tangu alfajiri, hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Pole, mama," alisema hatimaye. "Pole sana. Hayo si mambo ya kumfanyia mtu."

Ni bibi aliyeyarudisha mazungumzo kwenye matofali. Kwake ng'ambo tofali la kuchoma halikuwa na kesi na mtu. Na kaburi la mumewe je? Akasema atakuwa analiona vizuri zaidi kutoka kule, maana huku migomba ya Athumani inaliziba. Wazee wakacheka tena, na safari hii Hosiana alijikuta anacheka nao huku akijifuta kamasi.

Tatizo likabaki mvua. Zilikuwa zimesalia wiki mbili, kama mbingu zingekuwa na subira.

"Jumamosi mje na watu wenu," Athumani alisema. "Na sisi tutakuja na wetu."

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima ziliangukiana, kwa hiyo Jumamosi ile nusu ya wabebaji walikuwa hawanywi hata maji, na nusu nyingine waliona haya kunywa mbele yao. Walutheri wa Kihonda walijificha nyuma ya migomba kupiga funda moja moja, wakirudi wanafuta midomo kama wezi wa sukari. Akina mama wa jumuiya ya Bibi Anastasia walibeba matofali manne manne kichwani juu ya kata, bila kushika, wakiongea habari zao. Wanakwaya walibeba mawili na kulalamika. Severin alifika kutoka Dumila, akamwomba Athumani radhi kwa ile ruhusa ya kwenye simu, akaambiwa anyamaze abebe. Watu zaidi ya mia walishuka na kupanda bonde lile, na saa nane mchana hapakuwa na tofali hata moja lililobaki kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu. Athumani aliondoa tawi lake lililokwisha kunyauka, akafukia msingi kwa jembe, na juu yake akapanda viazi.

Ng'ambo, Godlisten alijenga kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia kwenye kazi ya kulipwa. Watu wa Athumani walikata miti mingine ya paa, idadi ileile ya arobaini na miwili, na hakuna aliyethubutu kuitazama kwa jicho la kuni. Mabati yalipigwa misumari Alhamisi. Ijumaa adhuhuri masika ikashuka juu ya Uluguru kwa kishindo, na Bibi Anastasia akaketi ndani ya nyumba yake na mlango wazi, mbuzi wakiwa wamepewa jiko lao jipya, akiisikiliza mvua ikigonga bati mpaka akasinzia. Hosiana alipigiwa simu kuambiwa hivyo. Alikaa kitandani, simu mkononi, akashukuru bila kifungu chochote cha sheria.

Baada ya Pasaka walipanda kuibariki nyumba. Padre alikuwepo, Mchungaji Jonathan alikuwepo, na Athumani alileta mkungu wa ndizi mzuri kuliko yote aliyowahi kupeleka sokoni Morogoro. Watu walipokuwa bado wanakula, bibi alimshika Hosiana mkono, akampitisha nyuma ya nyumba mpaka kwenye ngazi za shamba. Udongo ulikuwa mweusi na umelowa vizuri.

"Una watoto wangapi, mwanangu?"

"Wawili, bibi. Mabinti." Hosiana alisita, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye semina yoyote. "Ndiyo sababu nilitolewa. Sikuzaa wa kiume. Walisema sina mtu wa kurithi."

Bibi alisimama. "Mabinti wawili, wakasema huna mtu?"

"Walisema hivyo."

"Basi hawajui kuhesabu watu." Akainama, akaokota jiti, akalichomeka ardhini. "Kutoka hapa mpaka kwenye ule mfereji, ulime wewe. Mwaka huu panda maharage. Mwakani, watu wakishakuzoea, tutaongea habari ya migomba. Ukivuna utaniletea kuku, wenyewe wa ukoo waone kwamba unajua ardhi ni ya nani. Hao mabinti majina yao nani?"

"Judith na Editha."

"Waite waje. Waujue mpaka."

Mtandao ulipatikana kwa kusimama ukingoni kabisa mwa ngazi. Judith, aliyekuwa kazini Dodoma, alipokea kwa wasiwasi, maana mama yake hakuwa na kawaida ya kupiga saa za kazi.

"Kwema, mama?"

"Kwema, mwanangu. Mwambie na mdogo wako. Likizo mje Morogoro. Nataka niwaonyeshe shamba."

"Shamba? La nani, mama?"

Hosiana alitazama chini kwenye udongo, akaitikia kwa kichwa tu, kana kwamba mtoto anamwona. Bibi Anastasia akaichukua simu mkononi mwake, akaishika juu chini, akapaza sauti kama wanavyofanya watu wa mlimani wakiitana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

"La kwenu!"